Kwa nini tulirudi kupima mara tatu
Mdogo wangu alipoanguka mara ya pili pale mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, akiwa amebeba ndoo ya dagaa, kipimo cha umeme wa ubongo hakikuonyesha dosari, na baadhi ya ndugu wakahitimisha kwamba hana kifafa. Walikosea. Kipimo cha kawaida hurekodi dakika 20 hadi 30 tu, na takribani nusu ya wenye kifafa hawaonyeshi dalili yoyote katika kipimo cha kwanza. Tulirudi hospitalini tena na tena, safari ya tatu akiwa amekesha usiku kucha kama daktari alivyoagiza, kwa kuwa kukesha na usingizi unaofuata huweza kuyafichua mawimbi ya umeme wa ubongo yasiyo ya kawaida yaliyojificha. Ndipo yalipoonekana, naye akaanzishiwa dawa iliyomfaa.