Muuzaji aliapa wote majike
Jamani watu wa Malindi, simbilisi wangu (guinea pig) kazaa! Muuzaji aliniapia wote wawili majike. Majike gani hawa? Asubuhi napeleka majani, nakuta vitoto vitatu, manyoya tele, macho kodo, meno tayari. Kimoja chatafuna mchicha kama mwenye nyumba. Mimba yao huchukua miezi miwili hivi, sungura mwezi tu, ndiyo maana hawa huzaliwa wamekomaa. Dume nimemhamishia kwenye tenga papo hapo, maana jike aweza kushika mimba tena saa chache baada ya kuzaa (maskini!). Vidume navyo nitavitenga vikifika wiki tatu. Mama nampa pilipili hoho na mapera, mwili wake hautengenezi vitamini C. Bibi kaja kuchungulia: “Na panya hawa mwawalea wa nini?”