Kikopo kisichokuwa na jina

Mimba ya kitindamimba wangu ilipofika mwezi wa tano, madoa ya kahawia yalinitoka mashavuni na juu ya mdomo. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na jua la pale halina huruma. Mwenzangu wa meza ya jirani akaniletea kikopo cha krimu ya kijivu. "Mitishamba mitupu, mama kijacho. Paka usiku." Hakikuwa na jina, wala tarehe, wala maelezo ya vilivyomo.

Nikapaka wiki mbili. Madoa yakafifia, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Liwa na manjano nimepaka tangu usichana wangu. Sijaona gome wala mzizi wa kung'arisha uso kwa kasi ile.

Kaka yangu ni mchimbaji Geita. Alipokuja kunijulia hali akakigeuzageuza mkononi. "Dada, krimu nyingine za hivi wanatia zebaki. Ile ile tunayonasia dhahabu kwenye karai."

Kesho yake nilikipeleka kliniki. Nesi aliniambia zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi, ndiyo maana watu hung'aa. Lakini hupenya mwilini, huumiza figo, huvuka kondo la nyuma kumfikia mtoto tumboni, na baadaye hupita kwenye maziwa. Hata mtoto anayemgusa mama aliyejipaka anaweza kuipata. Krimu ya kung'arisha yenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni ilipigwa marufuku na Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa kuhusu zebaki, kufikia 2020. Kikopo kisicho na maandishi utakipimaje kwa macho? Neno "asilia" si kipimo. Madoa yenyewe, alisema, huletwa na homoni za ujauzito, jua huyakoleza, na kwa wengi hupungua baada ya kujifungua. Nikanunua kofia pana. Yangu yalipungua.

Mtoto alipozaliwa chuchu zilichubuka vibaya. Mama mkwe, Mungu ambariki, akaja na jani la shubiri kutoka Magu. Nilimwambia kwa heshima: "Mama, si ndiyo hii tunayoachishia watoto ziwa?" Tukalikata pamoja na kulisimamisha kwenye kikombe. Utomvu wa njano ukachuruzika, mzito, mchungu hata kuunusa. Huo ndio unaoharisha, na mtoto angeunyonya moja kwa moja. Ulipokwisha kutoka tukaosha jani, tukamenya, ukabaki ule ute mweupe kama maji ya mchele. Huo niliupaka visigino. Kifuani nilipaka matone ya maziwa yangu mwenyewe na kuyaacha yakauke, na nesi akanirekebishia namna ya kumpakata mtoto ashike ziwa vizuri. Kumbe kidonda kilitokana na hapo.

Mafuta ya mwarobaini nimeyaweka juu kabisa kabatini: mtoto mchanga akiyameza anaweza kupata degedege. Dawa za kuchua zenye kafuri hazisogei karibu na pua yake. Mwilini napaka mafuta ya nazi, basi.

Niliporudi sokoni nilimweleza yule mwenzangu yote, bila kumlaumu. Alinyamaza, akamtazama mwanawe aliyelala mgongoni. Kisha akafungua pindo la kanga akatoa kikopo chake, nusu kimekwisha. Kesho yake tulikwenda kliniki wote wawili.