Asubuhi Moja Mlangoni mwa Sabaki

Daraja la Sabaki nimelivuka tangu utotoni, na karibu kila mara nikiwa nusu usingizini. Kutoka Amu, yaani Lamu, unapanda boti hadi Mokowe, halafu basi: Witu, Minjila, Garsen, vizuizi ambavyo abiria wote hushuka wakiwa wameshika vitambulisho, Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, Mambrui. Ukifika darajani unajua Malindi ndiyo hiyo, unaanza kutafuta viatu chini ya kiti. Mto wenyewe nani anautazama?

Mimi ni fundi wa injini za mashua. Januari hii nilifuata vipuri Malindi, nikalala kwa dada yangu. Tukiwa tunakula usiku, shemeji akaniambia, "Kesho alfajiri twende tukahesabu ndege."

"Wa kula?"

"Wa kuhesabu, Mwamu wewe."

Nilicheka mpaka dada akanikanya. Mtu mzima, mvuvi, mwenye watoto wanne, aamke alfajiri akahesabu ndege asiowafuga! Lakini nilikuwa mgeni, na mgeni hafanyi ukaidi.

Kikundi chao ni cha watu wa pande za mtoni: wavuvi, wakulima, kijana wa bodaboda, wengine watembezaji wa watalii. Hupanda mikoko, huwaonyesha wageni ndege kwa malipo, na sehemu ya pesa hizo huingia sandukuni. Pia wana mchango wa mzunguko, kila wiki mmoja anapokea. Hesabu ya ndege wa maji hufanyika kila Januari katika sehemu nyingi za Kenya, na takwimu hukusanywa kwa ushirikiano wa Makumbusho ya Taifa na Nature Kenya. Hao Nature Kenya ndio kile chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1909. Wakati huo kilikuwa cha wazungu waliokuwa na nafasi ya kukusanya vipepeo. Leo karani wa hesabu Sabaki ni binti wa Kigiriama mwenye kalamu mbili sikioni.

Tulikutana gizani. Mwenyekiti akatoa jedwali la maji na kumulika kwa simu. Kabla hajasoma nikamwambia bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, imepita siku tatu, maji yatajaa kama saa moja asubuhi. Akasoma. Tulitofautiana kwa robo saa. Tangu hapo nikapewa nafasi ya kutembea mbele, jambo nililolijutia baadaye.

Maji ndiyo siri ya kazi hii. Yakitoka, ndege hutawanyika kwenye matope yote kutafuta vijidudu, humpati hata mmoja vizuri. Yakijaa, matope hufunikwa, nao hubanana kwenye fungu la mchanga wakingoja. Basi unatakiwa ufike kabla, ukae kimya na jua liwe mgongoni.

Tulipofika palikuwa na mwanga wa kutosha. Mto unaotoka huko juu ukiitwa Athi, kisha Galana, hapa unaitwa Sabaki, na unamwaga udongo wa nusu ya nchi baharini. Mchu, mkoko wa hapa, umeota kwenye tope jipya. Mbele, kwenye fungu, niliona kitu kama kokoto za kijivu zilizomwagwa na lori. Shemeji akanipa darubini ya miguu mitatu. Kokoto zilikuwa na macho.

Walikuwa vitwitwi, wengi wao wadogo kuliko ngumi yangu. Kuna wa aina moja ambaye uzito wake ni gramu 25 hivi, na huzaa kule kaskazini kabisa ya Siberia. Kaskazi ya kwetu inamkuta hapa, inamwacha hapa hadi karibu Aprili. Mimi nina mashua ya injini mbili na kufika Kismayu sijathubutu.

Kuhesabu nilidhani ni moja, mbili, tatu. Kumbe unahesabu kumi, unakariri ukubwa wa hiyo kumi kwa jicho, unaipima mara kumi upate mia, kisha unalipitisha fungu zima kwa mamia. Watu wawili wanahesabu kila mmoja kivyake, bila kuambiana, kisha wanalinganisha. Nilikuwa nimepita 600 wakati kozi, ndege mwindaji, alipotokea upande wa bahari. Fungu lote likanyanyuka, likageuka jeupe, likageuka jeusi, likaenda kutua ng'ambo. Nikatukana kwa Kiamu, na bibi mmoja wa kikundi, wote wanamwita Hawe, akaniuliza nimesema nini. Sikumtafsiria.

Tukahama. Hapo ndipo kutembea mbele kulipoponza: nilizama hadi goti, mguu ukatoka, ndara ikabaki.

Baada ya hesabu ilikuwa mahamri na mbaazi chini ya mkwaju, na ubishi wa nusu saa juu ya nani alinunua sukari mara iliyopita. Kikundi cha pwani bila ubishi wa sanduku bado sijakiona. Karani hakuujali. Alikuwa akijaza fomu, na mbele ya ndege mmoja akaandika 0. Ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi, mla kaa, ambaye huzaa pande za Uarabuni kwa kuchimba shimo mchangani na kutaga yai 1. Kwa kawaida wanaomtaka humfuata hori ya Mida.

"Kama hayupo, si umruke tu?" nikamuuliza.

"Nikimruka, mjomba, atakayesoma mwakani atajuaje kama hakuwepo au hatukumtafuta?"

Hawe akadakia habari ya kwera wa Clarke, yule anayepatikana msitu wa Arabuko-Sokoke na Dakatcha tu, duniani kote. Vitabuni yumo tangu 1913, lakini mahali anapojenga viota hapakujulikana mpaka Machi 2013, alipokutwa Dakatcha kwenye nyasi za kinamasi cha msimu. "Miaka mia," Hawe akasema, "na watu wakienda kuangalia, wakirudi." Akaomba mbaazi zaidi.

Jina langu liliandikwa kwenye fomu, safu ya wahesabu. Nyumbani dada alinipokea mlangoni, akatazama miguu, akaingia ndani bila neno kuniletea ndara za mumewe.

Jumatatu nilirudi Amu na vipuri vyangu. Darajani basi lilipunguza mwendo. Yangeyange 4, korongo 1. Viboko 0.