Nyumba nzuri, ila ule mvumo

Jamani, leo nimerudi kuiangalia ile nyumba niliyoisifia wiki nzima.

Vyumba vikubwa, mwanga wa kutosha, bei chini kuliko za jirani. Kumbe bei ina sababu yake.

Nimefungua dirisha la chumba cha watoto.

Mmmmmmm.

Nyuma ya ukuta kuna kituo cha kupozea umeme. Nikagusa kioo kwa kiganja, nikahisi kinatetemeka kidogo kidogo, kama koo la paka.

"Utazoea, dada," dalali akasema, macho kwenye simu.

Nimesoma nikachoka. Mwaka 2002 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka uga wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku inayozunguka nyaya za umeme, kwenye kundi la "huenda" unasababisha saratani. Huenda tu, haijathibitishwa. Na nguvu yake hupungua haraka ukisogea mbali.

Kwa hiyo kichwa kimekubali. Sikio limegoma.

Na nikija kuuza? Mnunuzi naye atafungua dirisha lilelile.

Nimeomba siku tatu. Nitarudi usiku, kukiwa kimya, nisikilize tena.

Mliowahi kulala jirani na matransfoma makubwa, hebu niambieni: mtu huzoea kweli?