Mkanda wa Kusafirishia Mizigo ya Moto: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kununua

Anayenunua mkanda wa kusafirishia klinka ya saruji (mabonge magumu yatokayo tanurini kabla ya kusagwa kuwa saruji) au mchanga wa kalibu za kumiminia chuma aghalabu hutaja joto la mzigo tu, kisha hutafuta mkanda wenye namba inayolingana nalo. Namba hiyo haitoshi. Mabonge makubwa hugusa mpira mahali pachache na hewa hupita katikati yake, ilhali unga na chembe ndogo hulala juu ya uso wote na kuuachia joto jingi. Ndiyo maana mizigo miwili yenye joto sawa inaweza kuuchosha mkanda kwa viwango tofauti kabisa.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 4195 kina madaraja ya nyuzi 100, 125 na 150 za Selsiasi, yanayopatikana kwa kuuweka mpira katika hewa ya joto hilo na kuangalia ugumu wake na nguvu zake zimebadilika kiasi gani. Mpira wa SBR, aina ya mpira wa sintetiki, hutumika sana katika madaraja ya chini. Kwa joto kubwa zaidi huchaguliwa EPDM, mpira mwingine wa sintetiki, ambao ni mvumilivu mno wa joto na ozoni lakini huharibiwa na mafuta, na ningependa kila muuzaji alitaje hilo mapema.

Joto likishirikiana na oksijeni huukausha mpira ukawa mgumu, ukaanza kupasuka kila unapopinda kwenye puli, hadi nyufa zikafika kwenye kitambaa cha ndani kinachobeba mvuto wote. Jambo ninalolihofia zaidi ni mkanda kusimama ukiwa umepakiwa. Ukiwa katika mwendo, sehemu iliyomwaga mzigo hurudi tupu na kupoa kabla ya kupakiwa tena, nafuu ambayo mkanda mrefu huipata kuliko mfupi. Umeme ukikatika, mzigo huunguza mahali palepale hadi tabaka zikaachana. Kiwanda kinachokumbwa na hali hiyo mara kwa mara kinunue daraja la juu zaidi, hata kama hesabu za kawaida hazilidai.

Maungio nayo yaunganishwe kwa joto na shinikizo, kwa kuwa vibanio vya chuma hupeleka joto moja kwa moja ndani ya kitambaa.

Tena, kustahimili joto si kustahimili moto. Mkanda wa EPDM unaweza kuwaka kaa moja jekundu likiuangukia, na ustahimilivu wa moto hupimwa kwa kiwango kingine, ISO 340. Palipo na uwezekano wa klinka kutoka ikiwa bado inawaka, mpira wa aina yoyote haufai, na sehemu hiyo ya njia iwekewe kisafirishi cha sahani za chuma.