Siku moja maishani mwangu: nesi mwenye buti

Saa 10:15 alfajiri nimeshaamka. Chai ya rangi, kipande cha kiporo cha muhogo, kombati, buti nilizozing'arisha jana usiku. Saa 12 paredi. Saa 1 na robo nimebadilisha nguo, niko wodini na sare ya uuguzi, V zangu mbili za ukoplo zikiwa mkononi. Makabidhiano, kutandika vitanda, kupima prescha na joto, dawa za asubuhi. Wagonjwa 26, wengi wao raia, maana hospitali zetu za jeshi zinatibu kila mtu. Hilo nalo wengi hawalijui.

Saa 3:40 analetwa mzee mmoja, mvuvi, malaria kali. Midomo imepauka, anaita majina ya watu wasiokuwepo. Prescha 90 kwa 50. Daktari ameshaandika atesuneti ya mshipa, sindano ya malaria kali. Nachukua kanula, kile kijimrija cha kupitishia dawa mshipani, navuta kigoda.

"Samahani," anasema mwanawe, kijana mwenye shati la kola. "Mimi nataka nesi. Baba yangu asichomwe na askari."

Namwambia mimi ndiye nesi. Anatikisa kichwa. Anasema jeshini watu wanafundishwa kufunga bandeji na kubeba machela, basi, na kwamba hakulipa teksi kutoka mbali ili baba yake afanyiwe mazoezi. Anataka kumwona mkuu wa wodi. Mkuu wa wodi anakuja, naye ana cheo mkononi! Kijana anazidi kupandisha sauti, wagonjwa wanageuza shingo.

Iliniuma, na bado inaniuma ninapoandika hapa. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilikuwa na D ya Baiolojia, D ya Fizikia, na F ya Kemia. Stashahada ya uuguzi inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na hayo matatu lazima yawemo. Nikarisiti mwaka mzima, mchana nauza maandazi, usiku nasawazisha milinganyo kwa kibatari. Nikapata C. Miaka mitatu ya chuo, wodi za wazazi, usiku wa kuhesabu mapigo ya moyo wa mtoto tumboni. Kisha mtihani na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ni baraza lilelile, leseni ileile aliyonayo nesi wa hospitali ya wilaya, na muda wake ukiisha naihuisha kama yeye. Jeshi lilikuja baadaye: usaili, ukuruta, kwata, kulala na bunduki ubavuni. Hakuna aliyenifutia kipengele hata kimoja cha uuguzi kwa sababu najua kulenga shabaha.

Sikumwambia yote hayo. Atesuneti ikishachanganywa haikai, ndani ya saa moja iwe imeingia, na mzee alikuwa anazidi kulegea. Nilimwambia: "Kaka yangu, mshike baba mkono huu. Mimi nashika huu."

Akamshika.

Mikono ya mzee ilikuwa imekomaa kwa kamba za nyavu, ngozi ngumu kama gome, mishipa imejificha kwa kukosa maji. Nikafunga mpira, nikapapasa kwa kidole. Mara ya kwanza mshipa ukakimbia. Kijana akaguna. Nikahamia juu kidogo ya kifundo, nikaingia taratibu, damu ikachungulia nyuma ya kanula. Nikabandika plasta. Dozi ikaingia saa 4 kamili, dripu ikafuata.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Kuna mama aliyetapika, kuna damu niliyofuatilia maabara mara tatu, kuna wali niliokula nimesimama. Zamu yangu inaisha saa 9:30, lakini wa kunipokea alikwama kwenye foleni Mbagala, na wodi haiachwi. Miguu ilikuwa inawaka moto ndani ya viatu. Kama saa 11 hivi kijana yule alinifuata kwenye meza ya dawa. Hakuomba radhi. Aliuliza tu, "Sista, mdogo wangu yuko kidato cha pili, anapenda uuguzi. Anatakiwa asome nini?" Nikamwambia Kemia asiiache hata kwa dawa, Fizikia na Baiolojia vilevile. Akitaka shahada, aende kidato cha sita, kisha miaka minne chuoni na mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Jeshi litamkuta mbele ya safari.

Nilifika kota saa 1 usiku. Nikaloweka miguu kwenye beseni, usingizi ukanipitia nimekaa. Saa 4 nikashtuka, dozi ya pili! Nikampigia mwenzangu wa usiku.

"Nimeshampa, dada," akasema. "Kanula yako inapitisha vizuri. Mzee ameomba uji."

Nikamwaga maji ya beseni, nikalala.