Nilivyochapa alama za dume na jike katika orodha ya vipepeo

Niliwahi kupewa kazi ya kuingiza katika kompyuta orodha ya vipepeo waliohifadhiwa, ambayo mkusanyaji wake alikuwa ameiandika kwa mkono katika madaftari kadhaa. Kila mstari ulikuwa na jina la spishi, mahali na tarehe, kisha hesabu kama "3♂ 2♀", yaani madume watatu na majike wawili. Nilipendekeza tuandike D na J, lakini mkusanyaji huyo, ambaye ni mzee, alikataa, kwa hoja kwamba wasomaji wake wa nchi nyingine wasingezielewa herufi hizo, ilhali alama zile wanabiolojia wamezitumia tangu wakati wa Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyeweka utaratibu wa majina ya spishi, katika karne ya 18.

Njia ya kwanza niliyoelekezwa ilikuwa kushikilia kitufe cha Alt na kubonyeza 11 kwa dume au 12 kwa jike kwenye vitufe vya namba vya upande wa kulia. Kwenye kompyuta kubwa ilikubali, lakini kompyuta yangu ya mkononi haina vitufe hivyo, na namba za safu ya juu hazifanyi kazi hiyo. Ndipo nikajifunza kuandika 2640 ndani ya Word, programu ya kuandikia, na kubonyeza Alt pamoja na X, namba ikageuka kuwa ♀. Kwa ♂ ni 2642. Hizo ni namba za alama hizo katika Unicode, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi na alama namba yake, zikiandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16. Hata hivyo, nilipoandika 2642 mara tu baada ya tarakimu 3, programu ilisoma 32642 na kunipa kisanduku kitupu. Tangu hapo nilichagua kwanza zile tarakimu nne tu kwa kipanya, kisha nikabonyeza.

Siku moja niliteleza nikaandika 2641, nikapata ♁, alama ya Dunia. Kosa hilo lilinifaa kuliko maelezo yote niliyosoma, kwa sababu lilinionyesha kwamba alama zetu zimepangwa katika safu ya sayari kuanzia karibu na Jua: Zuhura (♀), Dunia (♁), Mirihi (♂). Kwa kuwa Zuhura kwetu ni jina la mwanamke, sikuchanganya tena 2640 na 2642.

Taabu kubwa ilikuja nilipohamishia orodha kwenye lahajedwali, yaani programu ya majedwali, kwa faili ya CSV, ambayo ni maandishi matupu yenye data iliyotenganishwa kwa alama ya mkato. Kila palipokuwa na ♀ palitokea "â™€", nami nikadhani kazi ya wiki mbili imeharibika. Kumbe data ilikuwa salama. Katika UTF-8, njia mojawapo ya kuhifadhi herufi za Unicode, alama hiyo huhifadhiwa kwa baiti tatu, E2 99 80, na lahajedwali ilikuwa imeisoma kila baiti kama herufi inayojitegemea, kwa kufuata usimbaji (njia ya kugeuza baiti kuwa herufi) wa zamani wa Windows, ambamo E2 ni â, 99 ni ™ na 80 ni €. Niliifunga faili bila kuihifadhi, nikaiingiza upya kwa kutaja kwamba usimbaji wake ni UTF-8, na alama zote zikarudi. Lau ningeihifadhi ikiwa katika hali ile, makosa yangeandikwa ndani ya faili kabisa.

Lilibaki jambo moja ambalo mimi niliona dogo, ila mzee hakuliona hivyo: kwenye simu yake alama zilitokea kama emoji, zikiwa ndani ya visanduku vya rangi. Namba ilikuwa ileile, bali simu ndiyo iliyochagua sura hiyo. Nilitumia amri ya kutafuta na kubadilisha ili kila alama ifuatwe na herufi isiyoonekana, U+FE0E, ambayo huomba sura ya maandishi ya kawaida, nikamtumia faili tena. Alinijibu kwamba sasa inafanana na madaftari yake, kisha akaniambia kuna daftari jingine amelikuta kabatini.